Malkia Havai Mitumba

Tep.

Kimya kidogo, halafu tena: tep.

Stima ilikuwa imepotea tangu jioni na alfajiri ilikuwa bado haijaamua kuja. Nililala macho wazi nikisikiliza maji yakidondoka kutoka kwa sketi ya Malkia hadi kwenye karai. Kila tone liliniambia neno lile lile: bado, bado, bado.

Usidhani naishi ikulu. Naishi Kiamunyi, chumba kimoja na jikoni ya kujibanza, nyuma ya duka la mbolea. Mwenye nyumba nzuri ni Malkia. Yeye yuko kilimani juu yetu, kwenye hekalu jeupe la Wahindi, na ana zulia, kengele za shaba na mlinzi. Asubuhi anaamshwa kwa wimbo. Anaoshwa, anavalishwa, anapelekewa chakula, mchana anafungiwa pazia apumzike, jioni anawashiwa taa. Mimi huamshwa na mtoto anayetaka kukojoa.

Kazi yangu ni kumfulia nguo. Malkia ana nguo nyingi kuliko ukoo mzima wa mume wangu, na hajawahi kuchafua hata moja maana yeye ni wa jiwe. Tunafua hata hivyo. Wako wanawake mtaani kwetu wanaofua kila wiki mashati ya wanaume wasiofanya kazi yoyote, na hakuna anayewauliza sababu. Mimi angalau nalipwa, na jioni zangu ni zangu. Kwa jioni hizo nilisoma masomo ya watu wazima mpaka nikafanya mtihani wa kidato cha nne nikiwa na Natalie mgongoni. Sasa Natalie ana miaka mitatu na nusu, anazungumza kama redio, na kimo chake ni kimo cha Malkia kabisa. Kimo hicho ndicho kilileta taabu yote.

Mama Kusum, bibi anayetunza hekalu, alinisimulia habari za Malkia wakati tukikunja mitandio. Alikuwa mtu wa kawaida, mke wa mfalme mdogo wa nchi ndogo huko kwao India. Ukaja mwaka wa njaa na baridi. Malkia akafungua ghala, chakula kikaisha. Akaanza kugawa nguo zake, moja moja, mpaka akabaki na aliyovaa. Siku moja akakuta mtoto ameachwa langoni, akaivua hiyo pia akamfunga nayo. Baridi ikamchukua. Watu wakawasha taa mahali alipolala, na mpaka leo wanawasha. Babu yake Mama Kusum alipokuja huku akaona kilima hiki, akasema kinafanana na cha kwao, akajenga.

"Kwa hivyo alikufa kwa kukosa nguo," nilimwambia Mama Kusum, "na sasa ana makabati manne."

"Watu huwa wanakumbuka wakishachelewa," akasema, akaendelea kukunja.

Jumapili hiyo ilikuwa sikukuu ya Malkia. Nguo mpya ilikuwa imefika: sketi ya hariri nyekundu yenye pindo la dhahabu, blauzi, na mtandio mwepesi kama moshi wa chai. Desturi ni kwamba nguo ya sikukuu ifuliwe kwanza kwa maji ya kilimani, kuondoa mikono ya dukani, halafu isiguse mwili wa mtu yeyote mpaka Malkia aivae wakati wa taa ya jioni. Jumamosi nikaifua. Mvua ya Nakuru nayo, kwa heshima zake zote, ikapasua paa la chumba cha kuanikia. Nikaleta nguo nyumbani, nikaianika kwenye kamba nyuma ya pazia, nikaweka karai chini. Hapo hakuna mtu angeiona.

Nilikuwa nimesahau kwamba mama mkwe wangu anakuja.

Tunamwita Cucu, yaani nyanya, kama mtoto anavyomwita. Ni fundi wa nguo huko Molo, mama wa kanisa, mtu anayeweza kunusa dhambi kutoka barabara kuu. Alikuwa amekuja kwa sababu Jumapili hiyo hiyo Natalie angewekwa wakfu kanisani. Watoto wengine huwekwa wakfu wakiwa wachanga wamebebwa. Wetu alikuwa amesubiri baba yake apate nafasi, na baba yake, Muturi, huendesha lori la viazi. Nafasi yake hupatikana lori likiharibika. Halikuharibika. Cucu akasema basi, atamshika mtoto yeye mwenyewe.

Alifika gizani, akaweka begi lake chini, akatangaza kabla hata ya chai.

"Wangechi, nimefikiria. Kesho baada ya kanisa naondoka na Natalie. Atakaa Molo."

"Mpaka lini, Cucu?"

"Mpaka uwache kufulia shetani nguo. Mtoto hawezi kuwekwa wakfu asubuhi, jioni anachezea miguuni pa sanamu."

"Anacheza uani, Cucu. Na Muturi anasemaje?"

"Muturi ni mtoto wangu. Anasema ninachosema."

Hilo lilikuwa kweli. Nilimpigia Muturi, akasema, "Mathe ameamua, babe, tutaongea nikifika," na hajawahi kufika mahali tunapoongea. Tayari Cucu alikuwa anapapasa gizani akiingiza nguo za mwanangu kwenye begi lake. Nikanywa chai yangu. Ikiwa ningemwambia kwamba nyuma ya pazia kuna nguo ya sanamu, angeichoma na kuota moto wake.

Basi alfajiri ile nilisikiliza matone, nikashika sketi, ikawa bado mbichi. Nikaiacha. Nilitakiwa kupanda kilimani kufagia uwanja kabla ya kanisa. Ningekuja kuichukua mchana. Nikambusu Natalie, nikamwambia Cucu kwamba gauni la kanisani liko kwenye kiti, jeupe, la maua. Cucu akajibu kwa mguno.

Nilifika kanisani nimechelewa, jasho mgongoni. Kanisa letu ni la mabati na lina sauti kubwa kuliko ukubwa wake. Mchungaji Hiram alikuwa ameshafika kwenye somo analolipenda.

"Huko juu!" alikuwa akinguruma, kidole kikielekea kilimani. "Huko juu kuna watu wanavalisha jiwe hariri! Wanalipikia jiwe! Halilali kitandani, lakini lina kitanda!"

"Ashindwe!" kanisa likajibu.

Kisima cha ubatizo kilicho nyuma yake hujazwa na mpira wa maji unaotoka kwenye bomba la hekalu, ambalo Mama Kusum huwaachia majirani wazi bila kuuliza. Lakini maji, nadhani, huokoka yakiwa njiani.

"Lakini leo," Mchungaji akasema, "Mungu ametuletea wa kwake. Cucu, mlete huyo mtoto watu wamwone!"

Cucu akatoka mstari wa mbele, mgongo umenyooka, amemshika mkono mwanangu. Natalie alikuwa amevaa sketi ya hariri nyekundu yenye pindo la dhahabu. Blauzi ilimkaa kana kwamba alipimwa. Mtandio mwepesi kama moshi wa chai ulikuwa kichwani pake.

Nilikaa chini. Hakukuwa na kiti. Mama mmoja akanipisha benchi akidhani nimeguswa na Roho.

Mchungaji akamwinua Natalie juu mpaka taa ikawaka kwenye dhahabu. "Tazameni! Kuna sanamu gani inaweza kupendeza hivi?"

"Hakuna!"

Mimi nilikuwa najua moja.

Akamwekea mikono, akamwombea, akamnyunyizia maji ya kilimani. Natalie akawapungia watu mkono taratibu. Mtoto huyo anajua kuvaa.

Ibada ilipokwisha, akina mama wakamzunguka Cucu wakishika pindo. Mwenyekiti wao ni Mama Jebet, mwanamke mrefu mwenye macho ya kununulia ng'ombe.

"Cucu, hii umetoa wapi? Hii si ya soko."

"Ni Muturi," Cucu akasema, na sikuwahi kumwona akinenepa ghafla namna ile. "Muturi alimnunulia mtoto wake. Nimeikuta imeanikwa tu, eti mama yake alikuwa anaificha. Mbichi! Nimeikausha kwa pasi ya makaa kuanzia saa kumi na mbili."

"Huyo kijana analea," Mama Jebet akasema.

Muturi, mtu ambaye alimnunulia mtoto wake soksi mbili za mguu mmoja. Mbele ya macho yangu Natalie akapewa soda nyekundu, akanywa nusu, na nusu ya pili akaimwagia hariri ya Malkia kifuani.

Nilingoja mpaka tukawa njiani peke yetu, kwenye uchochoro wa michongoma. Nikamwambia Cucu yote kwa mkupuo, kama mtu anayebandua plasta.

Alisimama. Akamtazama Natalie kuanzia mtandio hadi pindo.

"Nimemvika mjukuu wangu nguo ya sanamu."

"Ndiyo, Cucu."

"Na Mchungaji ameiwekea mikono."

"Basi angalau imeombewa."

"Usinichekeshe, Wangechi, nitakupiga hapa hapa." Akavuta pumzi. "Tutaichoma."

"Ni ya watu, Cucu."

Hapo ndipo nilipomgusa. Cucu anaweza kuchukia hekalu mchana kutwa, lakini miaka yote ya ufundi hajawahi kubaki na kipande cha kitambaa cha mteja, hata cha kushonea kifungo. Alisimama akipigana na mashetani wawili kwa mpigo, yule wa sanamu na yule wa wizi. Wa wizi akashinda.

"Twende tuirudishe," akasema. "Narudisha, naomba msamaha, natoka, napanda gari la Molo na mtoto wangu. Begi hili hapa naenda nalo."

Tukapanda. Langoni Cucu akakataa kuvua viatu, kwa imani. Halafu akaona jinsi sakafu nilivyoipiga deki, akaona tope la viatu vyake, akavivua, kwa adabu. Soksi ya kushoto ilikuwa na tundu. Akaificha chini ya ile ya kulia.

Mama Kusum alitoka akijifuta mikono. Nikaeleza. Akainama akamtazama Natalie na ile soda kifuani, akafunga macho kidogo.

"Nitaifua sasa hivi," nikasema. "Itatoka, naapa. Taa ya jioni bado."

"Doa si kitu, Mama Natalie. Imeshavaliwa." Alisema kwa upole, na upole ukaniumiza zaidi. "Nguo ikitoka kwa Malkia ikaenda kwa mtoto, hiyo ni baraka. Ikitoka kwa mtoto ikaenda kwa Malkia, hiyo ni mitumba. Malkia havai mitumba."

"Ile ya mwaka jana?"

"Tulimpa mtoto wa mlinzi juzi. Ndiyo desturi. Zile zingine zote zimeshavaliwa siku za kawaida. Leo lazima mpya."

Cucu alikuwa amesimama mbali, mgongo kwa mlango, asione sanamu. Sasa akageuka, akiwa na msamaha wake tayari mdomoni, na macho yake yakapita bega la Mama Kusum hadi ndani. Malkia alikuwa ameshaoshwa kwa ajili ya jioni. Alikuwa na shimizi nyeupe ya pamba tu, mabega wazi, na upepo wa kilimani ukiingia.

Msamaha ukapotea.

"Na mnamwacha mtoto wa watu uchi hivyo?" Cucu akasema.

"Amekosa nguo," Mama Kusum akajibu, "kwa sababu ya wewe."

Hakuna mtu humwambia Cucu hivyo. Nilishika mkono wa Natalie, tayari kukimbia. Cucu akamgeukia yule bibi wa sari.

"Hiyo Kiswahili umetoa wapi? Unaongea kama mtu wa kwetu."

"Nilizaliwa Molo. Karibu na stesheni. Baba alikuwa na duka la vitambaa."

"Lile la milango ya kijani?"

"Ya kijani."

"Baba yako alikuwa akipima kitambaa anakivuta."

"Alivuta," Mama Kusum akakubali. "Mungu amsamehe."

"Mama yangu hakumsamehe." Lakini Cucu alikuwa tayari ameketi kwenye benchi la uani na kuliweka begi magotini. "Cherehani mnayo hapa ama ni kuimba tu?"

Akaanza kutoa vitu. Gauni jeupe la maua la Natalie. Sweta yake. Suruali zake ndogo, vesti, ile blanketi ya sungura ambayo hawezi kulala bila hiyo. Vyote alivipanga kwenye benchi mpaka akafikia chini, akatoa kitambaa kilichokunjwa ndani ya karatasi: zambarau iliyoiva, na utepe mweupe. Nilikijua. Ni kitambaa cha suti mpya za akina mama wa kanisa.

"Cucu, hicho si cha kina Mama Jebet?"

"Cha kwao nimeshawashonea. Hiki ni changu mwenyewe." Akakikung'uta hewani. "Nitavaa ya zamani. Kuna mtu ananiangalia?"

Kisha akakumbuka. Mkasi ukabaki hewani. "Leo ni Jumapili. Mimi sishiki mkasi Jumapili."

Mama Kusum akatazama jua. Cucu akatazama kitambaa, akatikisa kichwa, akapitia Biblia nzima kimoyomoyo, nikaona midomo ikicheza.

"Imeandikwa," akasema hatimaye, "punda akitumbukia kisimani siku ya sabato utamtoa."

"Sasa Malkia ndiye punda?"

"Wangechi, shika kitambaa hapo unyamaze."

Hakutaka kugusa sanamu, na desturi pia haikumruhusu, kwa hivyo kwa mara ya kwanza dini hizo mbili zikakubaliana. Alimpima Natalie. Mwanangu alisimama katikati ya uwanja amenyoosha mikono, amepachikwa pini, akila kashata ya Mama Kusum, huku Cucu akimzunguka kwa magoti akinung'unika: geuka, simama, usiteme, geuka. Cherehani ilikuwa ya mkono, ya zamani, ikilalamika kila mzunguko. Mama Kusum alizungusha gurudumu, Cucu akaongoza kitambaa.

"Usivute," Cucu akamwambia.

"Sivuti."

"Nakuona. Ni damu hiyo."

Marinda yalianguka kutoka chini ya sindano moja baada ya jingine, membamba, sawa sawa, kama mistari ya shamba lililolimwa na mtu mwenye hasira. Nimewahi kuona Cucu akishona suti za harusi. Sikuwahi kumwona akishona hivyo. Alipomaliza akakata uzi kwa meno, akatazama, akafumua upande mmoja, akaushona upya. Kwa ajili ya shetani, sijui.

Mama Kusum akaingia nayo, akavuta pazia. Cucu akafunga begi, akaliinua, likawa jepesi. Mimi nikanyoosha mkono kwenye nguo za Natalie pale benchini nizirudishe begini, maana nilijua yaliyosemwa jana.

"Wacha," akasema. "Begi hili linanivuta bega. Hizo zirudishe nyumbani kwako." Halafu kidole kikainuka. "Lakini nikisikia mtu mmoja, Wangechi, mmoja, akitaja jina langu na hiki kilima pamoja, nakuja kuzichukua na mwenyewe ndani yake. Umenisikia?"

"Nimesikia, Cucu."

"Hata Muturi."

"Muturi hasikilizi, Cucu, usijali."

Nilikunja ile blanketi ya sungura nikaiweka kifuani, nikajifanya natafuta kitu chini ya benchi mpaka macho yakakauka.

Cucu angeweza kuondoka wakati huo. Alisema anasubiri mvua iishe. Hakukuwa na mvua.

Jioni kengele zikalia. Wahindi walikuja kutoka mjini kwa magari yao, na majirani wakaja kwa miguu, maana siku ya Malkia kila anayepanda hulishwa. Na kwa kuwa harufu ya chakula haina dhehebu, akina mama wa kanisa letu nao wakatokea, wamejifunga lesso, wakiongozwa na Mama Jebet.

"Tumekuja kuangalia tu," akaniambia, sahani tayari mkononi. "Mtu lazima ajue anachokikemea."

"Mchungaji naye?"

"Hawezi kukanyaga hapa." Akatoa bakuli kubwa chini ya lesso. "Ametuma hili."

Cucu alipowaona, akashika sahani yake kama mtu aliyekutwa na mali ya wizi. Kabla hajapata pa kujificha, Mama Kusum akavuta pazia, taa zikawaka, na Malkia akatokea na sketi ya zambarau yenye utepe mweupe, marinda yakimshukia hadi miguuni, mtandio mabegani ukikataa upepo kabisa. Watu wakavuta pumzi. Alionekana kama mwenyekiti wa akina mama anayekwenda kwenye kongamano.

Mama Jebet aliacha kutafuna. "Ngoja. Hii rangi si yetu?"

"Zambarau inauzwa kila mahali," Cucu akasema haraka.

"Na utepe?"

"Utepe pia."

Mama Jebet akasogea, akapunguza macho yale ya kununulia ng'ombe. Mimi nilimvuta Natalie karibu nikamfunika mdomo kwa kipande cha chapati. Moyo wangu ulikuwa Molo tayari.

"Hapana, si yetu," Mama Jebet akaamua. "Angalia huo mshono. Hiyo imetoka India moja kwa moja. Ama Nairobi, kwa wale mafundi wakubwa. Huku kwetu hakuna mtu anaweza kukunja marinda hivyo. Hata Molo. Cucu, usinikasirikie, wewe ni mtu wetu na tunakupenda, lakini zile suti zetu hazijawahi kukaa hivi. Hiyo sasa ndiyo kushona."

Akina mama wakaitikia kwa vichwa. Kweli, wakasema. India. Inaonekana.

Niliangalia uso wa Cucu. Nililiona taya likikaza, likalegea, likakaza tena. Alimtazama Mama Jebet, akayatazama marinda, yale aliyoyafumua na kuyarudia. Akanikabidhi sahani yake. Kisha akapiga magoti palepale mbele ya Malkia, kanisa zima likiona, lakini ni kwa sababu mjukuu wake ni mfupi. Akamtoa Natalie chapati mdomoni, akampangusa makombo kwa kidole.

"Waambie hawa watu," akasema. "Mimi sipendi kujisifu."

Natalie akameza. Akawatazama akina mama wote mmoja mmoja, akamwelekeza Malkia kidole, akasema kwa sauti yake ya redio:

"Cucu ndiye amemshonea Malkia nguo."